Koo na Mdomo wa Bunduki ya Amur

Marhoon alipenda kuwaambia watu kwamba yeye si fundi wa bunduki, ni fundi wa cherehani aliyepotea njia. Alikuwa akisema kweli. Huko Wete alikozaliwa alijua kufungua cherehani kabla hajajua kuandika vizuri jina lake, na alipofika Maskati mwaka 1971, na sanduku moja la bati na miaka thelathini na tatu, aliulizwa anajua kazi gani. Akasema anajua vyuma vidogo. Wakampeleka kwenye ghala la silaha, akakaa humo miaka ishirini na mbili.

Sasa ulikuwa mwaka 2001, na Marhoon alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kutwa, ule unaokwisha mtu akilala. Ulikuwa umemkaa kwenye magoti, kwenye kiuno, na zaidi kwenye jicho la kulia, ambalo lilijaa machozi kila alipotazama mwangaza. Kustaafu alikuwa amestaafu zamani. Lakini Ghanim, mwenye duka la kufuli, visu na taa za kambini pale Hamriya, alikuwa amemwomba aje asubuhi akae nyuma ya duka, awatazamie watu bunduki zao za zamani. Marhoon alikubali kwa sababu nyumbani ukimya ulikuwa mrefu mno, na kwa sababu hakujua kukataa.

Zilikuwa bunduki za Kiingereza za vita vikuu, zilizokwisha kazi yake jeshini. Silaha mpya zilipokuja, hizi zilitolewa ghalani, zikaingia majumbani mwa watu. Zilining'inia barazani juu ya matakia, zilikwenda harusini, zilikwenda mashindanoni jangwani baada ya Idi, na kila mwenye nayo aliamini kwamba yake ndiyo inayopiga sawa kuliko zote.

Kazi ya Marhoon ilikuwa kupima mtutu. Alitoa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, akaweka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mtutu kivute mwanga wa mlangoni, akachungulia mbele. Mle ndani mna michirizi inayojizungusha mpaka nje, ndiyo inayoizungusha risasi ikaenda sawa. Michirizi ikiwa mikali, bunduki inaona. Ikiwa imelainika, bunduki inapapasa. Baada ya kuchungulia alichukua risasi isiyo na baruti, akaitumbukiza ncha yake mdomoni mwa mtutu, aone inazama kiasi gani, kwani mdomo ukilika risasi huzama zaidi. Mwisho alipitisha nyuma kijiti cha chuma chenye alama, kikapime koo, yaani pale risasi inapoanzia safari. Kisha alitoa neno moja katika matatu: mzima, umechoka, umekufa.

Ghanim alikuwa akimchokoza. "Na wewe Marhoon, uko wapi katika hayo matatu?"

"Mimi sijapimwa."

Jumatatu moja asubuhi aliingia Nasr bin Amur, kijana wa miaka ishirini na nne, kanzu imepigwa pasi ikasimama, amekumbatia kitu kilichofungwa blanketi. Alifanya kazi ya kompyuta kwenye kampuni moja huko Qurum. Marhoon alimjua baba yake. Marehemu Amur alikuwa mlinzi kwenye mlango wa wizara moja Maskati, mtu mrefu, mpole, aliyekufa kwa sukari miaka miwili nyuma. Miaka ya vita vya kusini mwa nchi walimpeleka huko, akalinda kituo mlimani, na aliporudi alipewa bunduki ile ile aliyokuwa akiishika, iwe yake. Hata harusini aliibeba tu begani. Wenzake walipiga hewani, yeye alicheka na kupiga makofi.

Nasr alikunja mikono ya kanzu akaeleza. Alikuwa ameoa huko bara, Sharqiya, mwaka uliopita, kwa watu ambao hawakuwahi kutoka nchini. Walimpenda, lakini walizungumza naye Kiarabu polepole, kama mtu anavyozungumza na mgeni, na nyuma yake walimwita Mzinjibari, mtu wa visiwani. Mwezi uliopita walikwenda kupiga shabaha. Nasr akachukua bunduki ya baba yake, akapiga risasi tano, na hata moja haikugusa ubao. Mashemeji walicheka mpaka wakakaa chini. Hapo babu wa mkewe akaichukua ile bunduki, akatia risasi mdomoni mwa mtutu, na risasi ikazama mpaka kwenye ganda. Mzee akawanyamazisha wote. Akasema kwamba mdomo huu umeliwa na moto, kwamba mwenye bunduki hii amepiga maelfu kwa maelfu, na kwamba marehemu, Mungu amrehemu, hakuwa mgeni vitani.

"Tangu siku hiyo, ami, wananikalisha juu ya busati, karibu na babu," alisema Nasr. "Nataka mtutu mpya wa kupigia. Na huu wa zamani uniandikie karatasi, kwa Kiarabu, kwamba umekwisha kwa risasi. Niwapelekee."

Kisha uso wake ukabadilika. Akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Na jengine. Mama hali nasi."

Ijumaa ile aliporudi kutoka Sharqiya alikuwa amejaa furaha, akaimwaga yote kwenye sinia ya chakula, mbele ya mama yake. Bi Bakhita aliweka tonge chini, akanawa, akaingia chumbani. Alikuwa na desturi ya kumsomea mumewe Yasini kila Alhamisi baada ya alasiri, na tangu Amur afe hajaikosa. Sasa zilikuwa zimepita Alhamisi tatu hajasoma. Nasr alipomuuliza, alimjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sijui namsomea nani."

Kisa chenyewe Nasr alikijua tangu utotoni. Mwaka wa mapinduzi kule visiwani, Bi Bakhita akiwa na miaka minane, baba yake alipigwa risasi mlangoni kwao, naye yuko nyuma yake ameshika kikoi. Alipokuja kuposwa Maskati, aliwaambia waliotumwa kwamba hataingia nyumba ya mtu aliyewahi kuufanyia mlango wa mwenziwe yaliyofanyiwa mlango wao. Amur ndiyo kwanza ametoka kusini. Akaja mwenyewe, akaapa kwa Msahafu kwamba kwa bunduki ile hakupiga ila risasi kumi za kujifunzia, ubaoni, afisa amesimama pembeni anahesabu. Bi Bakhita akakubali. Miaka ishirini na tatu walikaa pamoja juu ya kiapo kile, na sasa mzee mmoja wa Sharqiya, kwa nia njema na kwa heshima, alikuwa amemwambia kwamba kiapo kilikuwa uongo.

Nasr alikuwa amekwisha kupanga. "Mama mwambie tu ilitoka jeshini imechakaa hivyo hivyo. Kwenye karatasi andika risasi. Mama Kiarabu cha kuandika hasomi."

Marhoon alijifuta jicho. "Mwanangu, hadithi moja inanishinda kuibeba. Unanipa mbili."

Akaishika bunduki. Mti wake ulikuwa umeng'aa kwa kushikwashikwa, chuma hakina hata tone la kutu. Alitia ile risasi tupu mdomoni, nayo ikazama mpaka mwisho, kama alivyosema babu. Nasr akatabasamu. Lakini Marhoon hakuitoa. Aliizungusha kwa vidole viwili, pole pole, akaona inalala upande mmoja, upande wa kulia, kila anapoizungusha. Akachukua kijiti akapima koo. Kijiti kilisimama kwenye alama ya kwanza, ile ya koo zima. Akakitoa, akakifuta, akapima tena. Akapima mara ya tatu, kisha akatazama kwa taa na kile kioo kidogo cha daktari wa meno alichokuwa nacho tangu ghalani. Koo lilikuwa safi, pembe zake kali, michirizi inaanza kama iliyochorwa jana.

Kwa kawaida risasi inaanza kula kooni. Huko ndiko moto ulikozaliwa, na bunduki iliyopigwa sana koo lake huungua, likafanya mipasuko kama tope lililokauka, kabla mdomo haujadhurika. Tena moto hula duara zima. Haubagui upande. Kinachobagua upande ni kamba ya kusafishia, ikivutwa kwa mshazari, ikiwa na vumbi, mara nyingi, kwa miaka mingi.

"Nani alikuwa akiisafisha?"

"Mama. Kila Alhamisi, kabla ya Yasini. Baba mwenyewe hakuwa akiisafisha kabisa."

Marhoon akaiweka bunduki mezani, akakaa. Ghanim alipita na kikombe cha chai, akamtazama, asiseme lake la kuchokoza. Marhoon aliona njia mbili nyepesi. Angeweza kuandika risasi, na hakuna mtu Sharqiya ambaye angebisha. Angeweza kumwambia mjane kwamba bunduki ilitolewa ghalani imechakaa, na yeye ndiye aliyekuwa ghalani, nani angemkanusha? Tena kwa hilo la pili Bi Bakhita angelala usingizi. Lakini angelala juu ya nini? Mtu aliyekwisha kutilia shaka kiapo atatilia shaka na neno la fundi. Ukweli ulikuwa unaweza kumtoa Amur katika uongo, hakuna kingine kingemtoa. Ila ukweli huo ulikuwa na ncha mbili, na ile ya pili ilikuwa inauelekea mkono wa Bi Bakhita mwenyewe.

Alimwambia Nasr aiache bunduki, na Alhamisi aje amchukue, wende nyumbani pamoja, akamwone mama yake anavyosafisha.

"Ukishaona?"

"Ntakuwa nimeona."

Alhamisi, saa nane na nusu mchana, Nasr alimpeleka Qurum kwa gari. Marhoon alishikilia bunduki katikati ya magoti yaliyokuwa yakimuuma, na mara mbili alisinzia. Alipofumbua macho mara ya pili walikuwa wamefika kwenye nyumba nyeupe aliyopangishiwa Nasr na kampuni, yenye bustani ndogo ambayo hakuna aliyeitembelea kwa joto.

Bi Bakhita aliwapokea sebuleni, mtandio umemzunguka uso vizuri. Aliuliza hali ya Marhoon, ya wanawe, ya magoti yake, akaleta halua na kahawa, na yote aliyafanya kwa adabu isiyokosa kitu isipokuwa uchangamfu. Marhoon alikunywa vikombe viwili. Kisha akamwomba, kama hataona vibaya, aisafishe bunduki kama alivyozoea.

"Umekuja kutoka Hamriya kunitazama nasafisha chuma?"

"Nimekuja kwa hilo tu."

"Na kimebaki nini cha kusafisha." Lakini akainuka, akaleta kimkoba cha kitambaa. Ndani mna chupa ya mafuta, vitambaa vyeupe vilivyokatwa sawasawa, na kamba ya pamba yenye kipande cha shaba nchani. Akakunja blanketi, akalaza bunduki juu yake, kitako ukutani, mdomo kuelekea katikati ya chumba. Marhoon alidhani sasa atakaa mbele ya mdomo, kama askari wote walivyofundishwa, avute kamba inyooke. Hakukaa mbele. Alikaa ubavuni, mkono wa kulia wa bunduki, magoti ameyageuza upande, kama mtu aliyekaa karibu na mbwa wa watu. Akainua kitako, akaiteremsha shaba kutoka nyuma, ikatokea mdomoni, akailaza tena bunduki, akaishika kamba, akaivuta kuelekea kifuani kwake. Kamba ikajikunja kwenye mdomo wa chuma, ikasugua, ikatoa mlio mdogo mkavu. Akavuta mara saba.

"Mbona hukai mbele, Bi Bakhita?"

Akamtazama kama aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Mbele ya mdomo wa bunduki? Mimi?"

"Tupu hii."

"Hata ikiwa tupu. Hata ikiwa ya mti."

Marhoon akaomba ile kamba, akaipitisha baina ya vidole. Ilikuwa imefuliwa kwa sabuni, nyeupe, na bado ilikuwa na mchanga ndani ya nyuzi zake, mchanga mwembamba usioonekana. Akamuuliza anaianika wapi. Bi Bakhita akasema sasa anaianika uani, na zamani, walipokaa karibu na barabara ya malori, alikuwa akiianika juu ya dari. Nasr alikuwa amesimama karibu na mlango, funguo za gari mkononi, anamtazama Marhoon kwa jicho la kumwomba.

Marhoon alijisikia mzito. Angetamani mtu mwingine aseme.

"Bi Bakhita, nna maneno mawili. La kwanza, Amur hakukudanganya. Nimepima mara tatu. Bunduki iliyopigwa huungua kooni, na koo la hii halijaungua. Hizo kumi alizokwambia nazikubali, na tano za Nasr. Zaidi ya hapo haimo."

Bi Bakhita hakutikisika.

"Na mdomo? Yule mzee alitia risasi mdomoni ikazama."

"Hilo ndilo la pili. Mdomo umechoka kweli. Umelika upande huu uliokaa wewe. Ni kamba, Bi Bakhita. Kamba ikivutwa hivyo, na ina mchanga, ni kama tupa."

"Kamba hii."

"Hiyo. Na nyengine za kabla yake."

Mashine ya hewa baridi ilinguruma, ikazima, ikawaka tena. Nasr alianza kusema neno, mama yake akainua kidole bila kumtazama.

"Yaani mimi," alisema.

"Ni mkono wa mtu anayetunza," alisema Marhoon. "Ghalani niliona askari wakiharibu mitutu hivyo hivyo, na wao walifundishwa. Wewe nani alikufundisha?"

"Usinipake asali, bwana Marhoon. Sikuwa nikitunza." Aliikunja kamba kwenye vidole, akaikunjua. "Nilipoolewa, jirani aliniambia bunduki ikipigwa, ukipitisha kitambaa cheupe kinatoka cheusi. Nikasema, mimi ntaisafisha. Watu wakasema, tazama mke wa Amur alivyo mwema. Nilikuwa nampima. Kila Alhamisi. Nikiona kitambaa cheupe, ndipo naweza kumpakulia chakula."

"Na baada ya kufa kwake?"

"Mkono umezoea."

Marhoon hakutaka kuuliza alichouliza baadaye, lakini kilimtoka. "Alijua?"

Macho ya Bi Bakhita yalikuwa kwenye kimkoba, kwenye vile vitambaa vilivyobaki.

"Yeye ndiye aliyekuwa akivinunua," alisema. "Anakwenda mwenyewe Matrah, anarudi na jora dogo la pamba, anakaa ananikatia kwa mkasi. Nikamwambia mara moja, Amur, hata kanga mbovu inafaa kwa kazi hii. Akasema la. Akasema lazima viwe vyeupe, ili uone vizuri."

Aliposema hivyo sauti yake haikupasuka. Ilishuka tu, ikawa ndogo, ikawa ya mtu mwingine, mdogo kuliko yeye. Marhoon akageuza uso kwenye kahawa yake iliyopoa. Alimkumbuka Amur harusini, bunduki begani, anapiga makofi huku wenzake wakimcheka. Alikuwa amedhani siku zote ni mtu mwoga kidogo.

Nasr akasogea kutoka mlangoni. "Sasa mimi kule nikaseme nini? Wamenikalisha karibu na babu kwa sababu ya baba. Nikawaambie aliyeila bunduki ni mama?"

"Waambie imechoshwa na mkewe," alisema Bi Bakhita. "Kama wana wake, wataelewa." Na kwa mara ya kwanza siku ile kitu kama kicheko kilimpita usoni, kikapita haraka, macho yakabaki na maji. Akamgeukia Marhoon. "Wewe huandika karatasi. Niandikie mimi yangu. Kwa Kiswahili, nisome."

Marhoon alitoa kijitabu chake mfukoni, akaandika juu ya goti, herufi kubwa kwa sababu ya jicho. Aliandika: Bunduki ya marehemu Amur. Koo ni zima, haikuchoshwa kwa risasi. Mdomo umechoka upande wa kulia, kwa kusafishwa. Akatia tarehe na jina lake. Bi Bakhita akaisoma kwa midomo, akarudia mstari wa katikati, akaikunja mara moja, akaiweka kifuani. Hakushukuru. Alimuuliza tu saa ngapi sasa, na alipoambiwa alasiri imekaribia akainuka kwa kushika ukuta, kama mtu aliyefanya kazi kutwa, akaingia kutia udhu.

Marhoon na Nasr walisali msikiti wa jirani. Waliporudi kuchukua funguo zilizosahauliwa, walimsikia kutoka chumbani. Alikuwa amekwisha kuanza. Alisoma kwa haraka isiyo ya kawaida, sauti imekauka, anavuta pumzi pasipofaa. Alipomaliza sura hakutua, akairudia kutoka mwanzo, kwa ajili ya Alhamisi nyingine. Nasr alisimama ukumbini akiangalia chini. Marhoon alimgusa bega, wakatoka.

Garini joto lilikuwa kali. Nasr aliendesha mpaka barabara kubwa. Aliuliza kama mdomo wa mtutu unaweza kutengenezwa. Marhoon akamwambia unaweza, ukikatwa nusu kidole ukachongwa upya, bunduki itapiga sawa kama siku ilipotoka kiwandani, na hapahitajiki mtutu mwingine. Ila ameiacha kule kwenye blanketi makusudi. Amuulize mama yake kwanza kama anataka ikatwe.

"Na karatasi ya Sharqiya, ami? Huniandikii?"

Marhoon alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, jicho la kulia limefumba, linatoka machozi yake ya kawaida.

"Nshaandika moja leo," alisema. "Sina nguvu ya nyengine. Ukiitaka, mama yako anayo."

Walipofika kwenye taa za Hamriya Nasr alimtazama mzee amwulize anashukia wapi, dukani au kwake, akaona amekwisha kulala. Akapunguza mwendo, akazunguka mtaa mara moja, kisha mara ya pili, asimwamshe.